Medali Tatu kwenye Koti la Stewadi

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipogundua kwamba si kila nyumba hulowesha kitambaa cha meza kabla ya kuandaa chakula. Nilikuwa kwa rafiki yangu wa shule, mjini Naivasha, mama yake akatandika kitambaa kikavu, nami nikamuuliza kama maji yamekatika. Akaniuliza kwetu tunakula wapi, mtoni?

Kwetu, baba alipokuwa likizo, alinyunyizia kitambaa maji kwa vidole, akakipangusa kwa kiganja kuanzia katikati kwenda ukingoni, ndipo akaweka sahani. Sahani ikikaa juu ya kitambaa chenye unyevu haitelezi meli inapolala upande. Meza yetu haikuwahi kulala upande wowote.

Baba alikuwa stewadi katika meli ya kivita. Kwa miaka ishirini na miwili aliwaandalia maafisa meza baharini, akawamiminia chai, akatandika vitanda vyao, akapiga pasi mashati yao meupe. Aliporudi nyumbani, mara mbili kwa mwaka, alituhudumia na sisi vivyo hivyo, sahani ikiletwa kutoka kushoto na kuondolewa kulia. Mimi na dada yangu tulikuwa watoto pekee mtaani waliopakuliwa githeri na mtu mwenye kitambaa cheupe mkononi. Shuleni nilisema baba yangu ni mwanajeshi. Wenzangu wakataka kujua ana bunduki gani. Likizo iliyofuata nikamuuliza.

"Nina trei," akasema.

Chuo kikuu nilisoma historia, na huko nikafunzwa kuuliza kuhusu kila nishani maswali matatu: aliitoa nani, kwa nini, na nani alirukwa. Nilirudi nyumbani na maswali hayo kama mtu aliyenunuliwa kisu kipya. Medali za baba zilikuwa mbili, ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kabati, katika nyumba aliyojenga Kihoto, karibu na ziwa, alipostaafu. Sikumbuki akizivaa. Ziwa lilipopanda likaingia hadi chumbani, mkebe ulikaa ndani ya maji siku tatu kabla hatujaweza kurudi na mtumbwi wa kukodi kuchukua vitu. Baharini hakuwahi kuzama. Alizamishwa na Ziwa Naivasha, akiwa amevaa malapa. Tukahamia nyumba ya kupanga Nakuru, upande wa Lanet, na mkebe ukaja nasi, riboni zikiwa zimeota ukungu.

Hayo yote yangebaki mambo ya kabatini kama dada yangu hangepata mchumba kutoka Mai Mahiu.

Mama wa mchumba ana hoteli ya madereva wa malori pale chini ya mteremko, yenye mabati ya bluu na mabenchi marefu. Ni mjane, na alisomesha watoto wanne kwa chapati na nyama ya mbuzi ya kukaanga. Alikuwa na msemo wake mmoja ambao mchumba alimfikishia dada yangu, nadhani bila kufikiria: kwamba yeye amebeba sahani ili mwanawe asioe tena kwenye sahani. Tayari alikuwa na mashaka nasi kwa sababu ya Kihoto. Alisema watu waliojenga ndani ya ziwa ni watu wa kuangaliwa vizuri. Siku alipomuuliza dada yangu baba yake alikuwa nani huko jeshini, dada akajibu, "Alikuwa na maafisa kila siku."

Ilikuwa kweli. Mama yule akaelewa alichotaka kuelewa, na dada akamwacha aelewe. Wiki chache baadaye shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, anayeishi Njoro, alikutana naye kwenye harusi ya watu wengine na akamalizia kazi. Akamwambia baba alikuwa kapteni.

Kwa hiyo ilipopangwa Jumamosi ya wao kuja kuijua nyumba yetu, ile ziara ya kwanza kabla ya mambo ya mahari, dada alikuwa na hofu moja tu, na sote tuliijua. Mama mkwe akigundua kwamba amedanganywa, na kwamba aliyemdanganya ndiye anayetaka kuwa mkazamwana wake, safari ingeishia hapo sebuleni.

"Avae tu medali na akae kimya," dada aliniambia. "Msemaji wetu asome kitu kifupi. Wewe ndiye msomi, andika."

"Niandike nini?"

"Historia yake ya kazi. Lakini usianze zile zako, tafadhali. Usinichomee."

Nikaenda kwa baba na daftari. Tulikaa kwenye kibaraza jioni nne mfululizo, yeye akichambua maharagwe kwenye ungo, mimi nikiandika. Nilikuwa sijawahi kukaa naye muda mrefu hivyo na swali mkononi.

Alisajiliwa Nakuru, uwanjani, miongoni mwa mamia ya vijana waliokimbizwa, wakapimwa vifua na kuhesabiwa meno. Hakuwa ameona bahari. Waliuliza nani anajua kuogelea, akanyoosha mkono. Alikuwa amewahi kuvuka mto Malewa maji yakimfika kiunoni. Kisha ikaja fomu iliyouliza kazi ya awali. Aliandika ukweli: kuondoa sahani katika hoteli ya kando ya ziwa. Kijana aliyeketi karibu naye, ambaye hakuwahi kushika bisibisi, akaandika fundi wa umeme.

"Na ikawaje?"

"Mimi nikapelekwa kwa mastewadi. Yeye akapelekwa kwa umeme."

"Kwa hiyo uongo ulimsaidia."

"Alistaafu akiwa fundi mzuri sana," baba alisema, akatupa haragwe lililotobolewa. "Alinifungia taa za nyumba ya Kihoto."

Nilimuuliza alipigana vita gani.

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Nilipigana na supu."

Alinieleza kwamba bahari ikichafuka, afisa bado anataka kula, na supu haikai bakulini. Ukijaza nusu, atauliza kama jiko limeishiwa. Ukijaza sana, inamfika mapajani. Stewadi mzuri husikiliza sakafu kwa miguu na kuweka bakuli mezani pale meli inapopumua kati ya wimbi na wimbi. King'ora cha hatari kikilia, aliacha trei na kwenda kwenye kituo chake, ambacho kilikuwa cha huduma ya kwanza, yeye na mwenzake wakiwa na machela. Katika miaka yote hiyo king'ora kililia kwa mazoezi, isipokuwa mara mbili. Mara moja baharia wa injini aliunguzwa mikono na mvuke, naye akamfunga bandeji na kumlisha uji kwa kijiko hadi bandarini, safari ya siku mbili.

"Kwa hilo walikupa medali?"

"Walinipa glavu mpya."

Mara ya pili walikuwa wamekamata mashua ya watu waliodhaniwa ni maharamia, upande wa kaskazini. Walikuwa sita, wamekonda, mmoja amevaa jezi ya timu ya Ulaya. Kapteni akaamuru wapewe chai. Baba akawapelekea kwa trei, kama maafisa, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kubeba chai.

"Walikuwa maharamia kweli?"

"Sikuuliza. Waliomba sukari zaidi."

Nilitaka kukasirika na jibu hilo. Nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba mtu asiyeuliza ni mtu aliyekubali kufinyangwa. Nikamuuliza moja kwa moja medali zenyewe ni za nini. Akaniambia bila kuinua macho. Ya kwanza walipewa wote waliokuwa kazini mwaka wa maadhimisho fulani, pamoja na waliokuwa hospitalini na mmoja aliyekuwa amefungwa kambini. Ya pili ni ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Miaka kumi na minane bila kosa kwenye faili.

"Ni medali ya kutofanya kitu, basi," nikasema.

"Ndiyo," alijibu. "Ya kutofanya kosa. Jaribu wewe mwaka mmoja."

Niliandika historia ya ukurasa mmoja na nusu. Niliiandika vizuri, nakiri, na kwa uaminifu: fomu, supu, machela, chai ya mahabusu, medali mbili na maana yake. Dada aliisoma amesimama jikoni, uso ukibadilika.

"Umeandika stewadi mara saba."

"Ndiyo kazi aliyofanya."

"Najua kazi aliyofanya! Mimi si ndiye nilikuwa nafungiwa vitambaa kwenye shingo nikila ugali?" Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, sauti ikashuka. "Dada mdogo, tafadhali. Hii siku ni yangu. Baadaye utasema ukweli wote unaotaka, hata redioni."

Ningeweza kukataa. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimewasuta wazazi, wahubiri, na ofisi ya kaunti niliyofanyia kazi kwa mkataba wa miezi mitatu, nikisema watu hunyamaza kwa raha zao. Nikaifuta kazi ya baba katika maandishi. Zilibaki meli, bahari, miaka, medali mbili, na katikati yake shimo la ukubwa wa mtu. Nakala ya kwanza niliiacha kwenye simu.

Baba alipoisoma ile fupi aliirudia mara mbili. "Hapa nilikuwa nafanya nini kwenye hizi meli?"

"Dada ameomba."

Alikunja karatasi kwa mkunjo sawasawa, kona kwa kona, kama anavyokunja leso. "Nitavaa," alisema. "Uongo sitasema. Lakini nikinyamaza siyo kosa la kuandikwa kwenye faili."

Riboni zilikuwa hazivaliki. Shangazi akachukua mkebe, akasema anajua fundi wa nguo karibu na soko anayeshona mavazi ya kwaya, atazitia riboni mpya na kuzipanga kwenye kipini kimoja. Tulimwachia. Hilo ndilo kosa letu, kumwachia shangazi kitu kinachoweza kuongezwa.

Jumamosi ilifika. Kuanzia alfajiri baba alikuwa jikoni akimwelekeza mama namna ya kupanga vyombo, na mama akimwambia atoke. Kitambaa cheupe alikinyunyizia maji mwenyewe. Shangazi alikuja na koti amechelewa, wageni wakiwa tayari wanageuza magari nje ya lango, akamvisha baba kutoka nyuma kama mtoto wa shule. Kioo chetu cha ukumbini kimetundikwa juu, kinaonyesha uso tu. Mtu aliyevaa koti haoni kifua chake vizuri, hasa akiwa ameacha miwani kwenye dirisha la jikoni.

Mimi nilikiona. Medali zilikuwa tatu.

Ya tatu nilikuwa nimeijua tangu utoto. Ilikuwa ya babu yetu, baba yao, na ilikaa ukutani kwa shangazi kule Njoro karibu na kalenda. Ina kichwa cha mfalme wa Uingereza. Babu alipelekwa Burma vita vikuu vya pili, akabeba maji na risasi, akarudi na medali hiyo na kikohozi.

"Hiyo si ya babu?" nikamnong'oneza shangazi.

"Nyamaza. Mbili zilikuwa zinaonekana kama vifungo vimebaki. Ni ya familia, si ya wizi."

"Lakini shangazi—"

"Wewe na maswali yako, peleka soda."

Nikapeleka soda.

Walikuwa saba. Mama mkwe alikuja na gauni la kijani na mkoba alioukumbatia. Kando yake alikuwa baba mdogo wa mchumba, ambaye hakuna aliyetuambia kwamba alikuwa sajini meja mstaafu wa jeshi la nchi kavu. Sasa anauza tairi kuukuu Mai Mahiu. Aliingia, akaona kifua cha baba, akasimama wima kidogo.

"Afande."

"Karibu, afande," baba akajibu.

Maombi yakafanywa, majina yakatajwa, msemaji wetu akasoma karatasi yangu kwa sauti ya kanisani. Meli, bahari, miaka ishirini na miwili. Shangazi alikuwa akiitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi kama anayeongeza chumvi. Mama mkwe alisikiliza, kisha akainua kiwiko chake mezani na kukitazama. Kilikuwa kimelowa. Alikifuta kwa leso, nami nikamwona akikagua pembe zote za sebule kutafuta mahali panapovuja.

Chakula kilipoletwa, sajini meja alisogea kando ya baba na sahani yake. Wanajeshi wastaafu huongea kifua kwa kifua. Alisoma ile riboni ya kwanza, ya pili, akafika ya tatu, akaacha kutafuna.

"Afande, nisamehe nikiuliza. Hii ya mwisho uliipata wapi?"

Baba akainamisha kidevu, akavuta koti kwa vidole viwili, akaliinua hadi karibu na macho. Nilijua hasa wakati alipomtambua mfalme. Shingo yake iliacha kusonga.

"Kuna shida?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna shida, shemeji," alisema sajini meja, na alikuwa na adabu, lakini hakujua kunyamaza. "Ni vile hii ni ya vita vya Burma. Mwenye kuipigania leo angekuwa na zaidi ya miaka mia. Afande amejitunza."

Mtu mmoja upande wao akacheka, kisha akagundua amecheka peke yake. Dada yangu alikuwa ameketi karibu na dirisha kwenye nguo yake ya kitenge, ameshika glasi kwa mikono miwili. Hakumtazama yeyote.

Baba angeweza kusema fundi alikosea, na kwa sehemu ingekuwa kweli. Kila mtu pale angeishika kauli hiyo kama kamba. Badala yake aliniita.

"Njoo unisaidie hapa."

Nikaenda. Akaniambia nitoe hiyo ya tatu na kuihamishia kulia. Kipini kilikuwa kigumu, nikamchoma mara moja, hakushtuka. Alizungumza juu ya kichwa changu huku nikifanya kazi.

"Hii ni ya baba yangu. Ya mtu aliyekufa, mwanawe huivaa kulia. Iliwekwa upande ambao si wake. Hizi mbili za kushoto ni zangu. Hii walipewa wote waliokuwa kazini mwaka huo. Hii nyingine ni ya miaka kumi na minane bila kosa. Kazi yangu ilikuwa stewadi. Niliwaandalia maafisa meza."

Mama mkwe aliweka kijiko chini. "Stewadi ni wale wa ndege?"

"Wa meli, mama."

"Sisi tuliambiwa kapteni."

Shangazi alikuwa amepata jambo la kutazama kwenye dari. Lakini mama mkwe hakumtazama yeye. Aligeukia dirishani.

"Wewe ulijua nimeelewa kapteni?"

"Nilisema alikuwa na maafisa kila siku," dada alisema.

"Sikukuuliza ulisema nini."

Dada akaweka glasi chini. "Nilijua. Nikakuacha. Niliogopa."

"Ukaogopa nini? Sahani? Mimi nimezibeba miaka thelathini."

"Ulisema hutaki mwanao aoe kwenye sahani."

Hapo mchumba, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu maombi, alianza kuchunguza viatu vyake. Mama yake alimpa jicho ambalo liliahidi mazungumzo marefu ya barabara yote hadi Mai Mahiu.

"Nilisema," mama mkwe alikiri. "Nasema mengi nikichoka. Lakini sasa sijui ni kipi nilichoambiwa kina ukweli. Nimekuja kujua nyumba. Mnataka nirudi niseme nimeona nini?"

Sajini meja akakohoa.

"Hiyo ya miaka kumi na minane," alisema, akiielekeza kwa uma, "mimi sikuipata."

"Si ulituambia ilipotea kwenye moto?" mama mkwe akamgeukia.

"Haikupotea, shemeji. Haikutolewa. Nilichelewa kutoka likizo siku tisa, mwaka wa kumi na saba. Nilikuwa Gilgil, baa, na watu wabaya."

"Na ule moto?"

"Moto ulikuwepo. Uliunguza godoro."

Wao wenyewe ndio walioanza kucheka, vijana wao hasa, na hata mama mkwe alifunika mdomo kwa leso, ingawa nadhani ilikuwa kwa hasira kama ilivyokuwa kwa kicheko. Nilitumia nafasi hiyo kufanya jambo ambalo ningepaswa kufanya Jumatatu iliyotangulia. Nikasema kwamba karatasi iliyosomwa niliipunguza mimi. Nzima ninayo kwenye simu.

"Isome," alisema mama mkwe.

Nikamtazama dada yangu. Alinyanyua mabega, kisha akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nikasoma. Fomu na fundi wa umeme, supu, uji wa kijiko, chai ya mahabusu. Neno stewadi lilikuja mara zote saba, na kila lilipokuja nilisikia shangazi akivuta pumzi. Nilipomaliza, mama mkwe hakusema ni nzuri. Alianza kuuliza, na maswali yake yalikuwa bora kuliko yangu. Alimuuliza baba alikuwa akirudi nyumbani mara ngapi. Mara mbili kwa mwaka. Alikuwepo watoto hawa walipozaliwa? Mkubwa hapana, mdogo ndiyo, kwa siku mbili. Nani alikuwa akiwapeleka hospitali?

"Huyo," baba alisema, akielekeza mlango wa jikoni, ambako mama alikuwa amesimama na sufuria.

"Basi hiyo medali ya mwenendo mwema walipaswa kukupa wewe," mama mkwe akamwambia mama.

"Mimi nilipewa Kihoto," alijibu mama.

Safari hii hata baba alicheka. Mama hakucheka. Aliongeza mchuzi kwa waliotaka, akarudi jikoni, na mimi nikaandika jibu hilo kichwani, kwa sababu katika jioni zangu nne za utafiti sikuwa nimemuuliza yeye swali hata moja.

Kabla ya kuondoka, mama mkwe aligusa kitambaa cha meza. "Na hiki nacho? Paa linavuja au ni nini?"

Baba akamweleza kuhusu sahani na mawimbi.

"Lakini Lanet haina mawimbi."

"Hapana, mama. Ni mazoea tu."

Mama mkwe alichukua kikombe kitupu, akakisukuma kwa kidole kimoja juu ya kitambaa, akatazama. Kisha akavaa mkoba wake na kumwambia dada yangu, wote tukisikia, kwamba watarudi mara ya pili kama ilivyo desturi, lakini akisikia uongo wa pili, hata mdogo, hata wa kumfurahisha, asije Mai Mahiu hata kwa kununua viazi. Dada alisema sawa. Hakulia mpaka magari yalipokwisha kutoka langoni, na hata hapo alilia akiosha vikombe.

Walirudi. Mambo mengine yalifuata njia yake ya kawaida, na dada yangu sasa anaishi Mai Mahiu. Medali ya babu ilirudi Njoro, ukutani. Zile mbili ziko ndani ya mkebe ule ule, safari hii juu ya kabati, ingawa Lanet hakuna ziwa.

Miezi michache iliyopita nilienda na baba kumtembelea dada. Tuliingia hotelini kwa mama mkwe saa ya chakula cha mchana, imejaa madereva. Malori yalikuwa yakishuka mteremko kwa breki, na kila moja lilipopita sakafu ilitetemeka, vijiko vikalia. Meza zote zilikuwa na vitambaa vyenye unyevu. Dada alisema mama mkwe alianza wiki ile ile ya ziara ya kwanza, bila kumwambia mtu alikojifunza, na kwamba zamani kikombe cha chai kilikuwa kikitembea peke yake hadi kwa jirani.

Nina tabia mbaya ya kutoamini. Tulipoketi nilipapasa meza yetu hadi nikapata kona iliyokauka, nikaweka kikombe kimoja hapo na kingine kwenye unyevu, nikasubiri lori. La kwanza lilipita, vikombe vyote viwili vikabaki palepale. La pili lilikuwa na trela ya mawe. Kile cha pakavu kilisogea kama upana wa kidole. Cha pili nacho kilisogea, lakini kidogo.

"Umeridhika?" baba akauliza.

"Majaribio mawili hayatoshi."

Dereva mmoja kwenye benchi la karibu alikuwa akimtazama baba, pengine kwa sababu ya namna alivyokuwa amekunja leso ya karatasi mbele yake. Akamuuliza mama mkwe huyu mzee ni nani.

"Ni baba wa mkazamwana wangu," alisema, sahani nne zikiwa kwenye mkono mmoja. "Alikuwa stewadi jeshini."

"Wa ndege?"

"Wa meli," alisema, na kuendelea na meza ya pili.

Dada yangu, aliyekuwa akihesabu chapati kaunta, alisikia. Hakuinua kichwa. Baba alisogeza kiti, akainuka, akaenda kumpokea mama mkwe sahani mbili, na akaziweka mbele ya wateja kutoka kushoto.